Sura ya Sita: Yuko Safarini

Nyumba ya mtuhumiwa ilikuwa na mlango wa kijani, na mbele yake kipande cha zulia cha kufutia miguu, kimekung'utwa asubuhi hiyo hiyo.

Inspekta alikiona kizulia hicho kabla ya kitu kingine chochote, na hakikumpendeza. Alikuwa na hati ya kukamata mkobani, na askari wawili ndani ya gari lililofichwa nyuma ya duka la saruji. Mtu aliyesababisha vifo, anayejua anatafutwa, haamki akakung'uta zulia ili wageni wafute miguu.

"Labda ana mke msafi," Chapchap alisema.

Chapchap alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa kitengo chao. Jina hilo walimbandika kwa kejeli, kwa sababu hakuwahi kuharakisha kitu tangu azaliwe. Lakini ndiye aliyewafikisha kwenye mlango huu, hatua kwa hatua, huku wakubwa wakimpigia kelele na yeye akikoroga chai yake.

Kesi yenyewe ilianza Jumatatu moja ya mwezi uliopita. Mtambo unaopokea simu za kuomba gari la wagonjwa uliganda. Haukuzima, na hilo ndilo lililoleta balaa, maana ungezima mtu angeshtuka. Skrini zilibaki zinawaka, zikionyesha kwamba hakuna anayepiga, na wahudumu wakakaa wakifurahia asubuhi tulivu. Upande wa pili watu walikuwa wanapiga, wanakata, wanapiga tena. Mmoja wao alikuwa mwashi ambaye mke wake alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akavuja damu sakafuni, simu ikiita sikioni mwa mumewe. Alikufa yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Tangu siku hiyo mwashi huyo alipita kituoni kila asubuhi akielekea kazini, chokaa ya jana ikiwa bado kwenye viatu. Hakupiga kelele wala hakutaka kuonana na mkubwa yeyote. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta akasema neno moja tu.

"Bado?"

"Bado," Inspekta alimjibu, na kila siku neno hilo lilimwia zito kuliko jana yake.

Chapchap ndiye aliyegundua kilichougandisha mtambo, na ilimchukua muda kumwelewesha bosi wake. "Afande, anayeoka mkate halimi ngano," alimwambia. "Ananunua unga. Na sisi wa programu ni hivyo hivyo. Hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Kuna ghala kubwa mtandaoni, watu wameweka vipande vya kazi zao humo, bure kabisa, na wewe unachukua unachotaka. Huendi mwenyewe. Unamtuma tarishi, naye pia ni programu. Unamwambia, niletee kipande fulani, na kila kikitoka kipya, niletee kipya."

"Na huyo tarishi anakikagua?"

"Anaangalia jina la kipande na jina la mwenye kipande. Yakilingana, analeta. Hajui kama mwenyewe ni mzima, amelewa au ameibiwa ufunguo wa nyumba."

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kama nini. Kazi yake ilikuwa kupanga saa na tarehe zisigongane, basi. Kiliandikwa na mtu ambaye wenzake mtandaoni walimwita Fundi Saa, na kilikuwa ndani ya mitambo ya hospitali, ya shule, ya mabenki, wala wenye mitambo hiyo hawakumjua. Kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kuguswa. Kisha, siku chache kabla ya Jumatatu ile, akaunti ya Fundi Saa ikapandisha toleo jipya. Matarishi wa kila mahali wakalikimbilia. Ndani yake kulikuwa na kidudu cha kuiba nywila. Kwingine kilinyonya kimyakimya. Kwenye mtambo wa magari ya wagonjwa, uliokuwa mzee na umechoka, kiliziba koo.

Juu ya toleo hilo mwenye akaunti alikuwa ameacha ujumbe mfupi kwa wanaomfuatilia: *Nimerudi kutoka safarini. Samahani kwa kimya.*

Inspekta aliusoma ujumbe huo mara nyingi mno. Kwake ulikuwa ujumbe wa mtu mwenye dharau. Namba ya simu iliyoandikishwa kwenye akaunti ilikuwa hewani, na mnara ulionyesha inalala na kuamka kwenye mtaa huu, nyumba hii. Mtu amerudi safarini, yuko kwake, anakula na kulala.

Akabisha hodi.

Aliyefungua alikuwa mzee mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi, mabega yake mapana yameanza kuinama. Kwa muda mrefu wa maisha yake alikuwa dereva wa lori, na mikono yake ilikuwa bado ya kushika usukani mkubwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni."

"Tunatoka polisi. Tunamtafuta mwanao. Yule wa kompyuta."

Mzee hakushtuka. Alijibu harakaharaka, kama mtu aliyezoea kuulizwa. "Hayupo. Yuko safarini."

Inspekta alimtazama Chapchap. Neno lile lile. "Mzee, tusichezeane. Tunajua amerudi."

Kilichotokea usoni mwa mzee Inspekta hakuwahi kukiona kwa mtu anayeficha mhalifu. Macho yalimwangaza. Mdomo ukafunguka, na shingo ikageuka kuelekea barabarani, upesi, kama kuna mtu anayemtarajia atokee pale kwenye kona na begi begani.

"Amerudi?" aliuliza.

Halafu akili ikamrudia. Akaushika mlango kwa mikono miwili.

"Usiniambie hivyo, binti yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Usinifanyie hivyo. Mwanangu nilimzika mwenyewe."

*

Alifariki kwa pumu, kabla ya mvua za mwaka jana. Cheti kilikuwepo, Inspekta akakiangalia, na hakukuwa na la kubishana. Toleo lenye kidudu lilipandishwa miezi mingi baada ya mwenye akaunti kulala kaburini. Ile hati ya kukamata iliyokuwa mkobani ilikuwa ya marehemu.

Mzee aliwapeleka chumbani kwa mwanawe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya meza kompyuta ilifunikwa kwa khanga, na pembeni dawa za kuvuta zilipangwa kwa mstari, za bluu na za kahawia. Ukutani kulikuwa na saa nne, kila moja ikisema wakati wa nchi yake. Chapchap alizitazama akatabasamu kidogo, mtu aliyemtambua mwenzake. Kwenye soketi, simu ilikuwa ikichajiwa.

"Ndiyo simu yake?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo. Naiweka chaji kila siku. Naiwekea na salio."

"Kwa nini, Mzee?"

"Watu wanamwandikia." Aliichukua akaifuta kioo kwa mkono wa shati. "Wa mbali huko, hata siwajui. Kile kipande chako kimenisaidia, asante. Kile kipande chako kina kasoro hapa, utaitengeneza lini. Wanamwandikia kama mtu mzima aliye hai. Mimi nikawa nawajibu, yuko safarini." Akaikunja midomo yake. "Mke wangu alishatangulia. Nikisema tu ukweli, watasema pole, halafu watanyamaza wote. Nani tena atamtaja?"

Chapchap alijifanya anaangalia waya.

Inspekta alivuta kiti akaketi. Huruma aliihisi, tena kwa uzito, lakini kazi ilikuwa mbele. Maneno ya mzee yalikuwa yamebomoa kesi yake na kumpa nyingine. Aliyeandika *nimerudi kutoka safarini* alijua uongo wa nyumba hii. Na aliyethubutu kuvaa jina la Fundi Saa alijua kwamba mwenyewe hatatokea kulidai.

"Mzee, katika hao watu wa kompyuta, yupo uliyemwambia kwamba amefariki?"

"Hapana. Hakuna." Kisha akasita. "Labda Rafiki."

"Rafiki gani?"

"Rafiki yake. Huyo hakuandika, alipiga. Sauti ya mtu ina kitu, binti yangu, huwezi kuidanganya kama maandishi. Alipouliza tu habari za mwenzake, nikalia. Akalia na yeye. Tangu hapo ananipigia kila Alhamisi, mchana, nikishakula. Ananiita Baba."

Ilikuwa Alhamisi. Saa zote nne za ukutani zilibishana kuhusu wakati, lakini kwa wakati wa pale ilikuwa asubuhi, karibu na saa sita.

"Anaitwa nani?"

"Nimekwambia. Rafiki."

Chapchap alikuwa ameshaichukua simu. Alipekua taratibu, kidole kikipanda na kushuka. "Kila Alhamisi namba tofauti," alisema. "Za kununua na kutupa. Na huu hapa ujumbe wa ghala, Afande. Namba ya siri ya kubadilishia nywila. Uliingia huyu Rafiki akiwa bado hewani."

"Mzee, kuna namba alikuomba umsomee?"

"Ndiyo. Aliniambia kazi ya mwanangu itafungwa ikikosa mtu wa kuitunza, na yeye atanisaidia kuitunza. Namba itaingia kwenye simu, nimsomee. Nikavaa miwani nikamsomea polepole asije akakosea." Aliwatazama kwa zamu. "Kwani kuna ubaya?"

Inspekta alikisogeza kiti chake karibu. Aliuliza lake.

"Alikwambia walijuana wapi na mwanao?"

"Kazini. Kwenye hayo mambo yao."

"Alisema yeye kazini, au ulimwuliza wewe?"

Mzee alikunja uso. "Nilimwuliza, wewe ni wa kazini kwake? Akasema, ndiyo Baba, wa kazini."

"Alijua aliugua nini?"

"Alijua. Siku ile ile ya kwanza. Alisema, pole Baba, najua alivyoteseka."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema, kile kifua kilimsumbua tangu utoto. Akasema, kile kifua, Baba. Kile kifua."

Neno hilo mzee alilirudia kwa sauti ya yule mtu, na akajisikia akilirudia. Inspekta aliona mikono ile mikubwa inatafuta kitu cha kushika.

"Lakini anajua la lori!" alisema kwa nguvu. "Mwanangu alikuwa ananitania, eti naendesha lori kama nimebeba mayai. Hilo lilikuwa letu, la humu ndani. Na Rafiki ananitania hivyo hivyo. Angelijua vipi kama hakuambiwa na mwanangu?"

"Alikutania hivyo simu ya kwanza?"

"Hapana. Baadaye."

"Na kabla ya hapo hukuwahi kumsimulia?"

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni wenye gurudumu bovu, ukalia mpaka mwisho wa mtaa.

"Nilimsimulia," mzee alisema hatimaye. "Nilicheka nilipomsimulia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi."

Inspekta angependa kuishia hapo. Alishawahoji majambazi sugu bila moyo kumwenda mbio, na sasa alikuwa anamwibia mzee vitu vyake kimoja kimoja, tena kwa upole.

"Aliwahi kukukataza kuwaambia watu kwamba mwanao amefariki?"

"Alisema ninavyofanya ndivyo vizuri. Kwamba nikitangaza, ghala litafunga kazi zake zote, jina lake lifutike."

"Ghala lisingefuta kitu," Chapchap alisema kwa sauti ndogo. "Wangeweka tu kufuli, Mzee. Na alama, kwamba mwenyewe hayupo tena."

"Ile namba niliyomsomea," mzee alisema. "Ilifanya nini?"

Chapchap aliinamisha kichwa. Inspekta alimtazama mzee usoni, akaona kwamba huyu hatadanganyika na hataki kudanganywa.

"Ilimfungulia mlango. Akaingia kwa jina la mwanao, akaweka sumu kwenye kile kipande. Ikaenda mpaka kwenye mtambo wa magari ya wagonjwa. Kuna mama alikuwa anajifungua. Mume wake alipiga simu haikupokelewa."

"Akafa?"

"Akafa."

"Na mtoto?"

"Na mtoto, Mzee."

Mzee alisimama akatoka chumbani. Walimsikia jikoni akifungua bomba, maji yakatiririka kwa muda mrefu. Chapchap alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mzee aliporudi uso wake ulikuwa umelowa na kola ya shati imelowa, wala hakujifuta.

"Nilivaa miwani nikamsomea," alisema. "Polepole."

*

Inspekta alitoka uani akampigia Kamishna. Hakupata alichotaka.

"Amekufa, sawa," Kamishna alisema. "Lakini simu iko kwenye nyumba hiyo, na namba ya siri imesomwa na mtu wa nyumba hiyo. Watu wananikaba koo huku. Kesho jioni nasimama mbele ya waandishi. Nipe mtu mwingine, la sivyo nasoma jina nililo nalo. Na la baba yake."

"Afande, huyo mzee ametapeliwa."

"Basi niletee tapeli."

Aliporudi ndani Chapchap alikuwa amepiga magoti mbele ya droo ya chini ya meza, iliyojaa nyaya zilizofungwa kwa raba. Mkononi alishika kidude cheusi, kidogo kuliko kidole gumba, chenye tundu la kutia kwenye kishikio cha funguo.

"Kuna kitu kinanisumbua kichwani, Afande," alisema. "Huyu tapeli alishapata alichotaka. Nywila anayo, kipande kimeshatoka. Kwa nini anaendelea kupiga? Mimi ningekuwa yeye ningetupa laini nikaoge."

"Ili laini hii ya marehemu isife na siri ya kifo chake isitoke."

"Hiyo moja. Sasa sikiliza. Marehemu alikuwa na kipande kingine, kikubwa zaidi, kinachotumiwa na mabenki. Ghala waliniambia kuna mtu alijaribu kukipandishia toleo jipya, zaidi ya mara moja, akakataliwa. Sikuelewa kwa nini. Sasa naelewa. Hicho alikifunga kwa kidude hiki. Bila kukichomeka, hata ujue nywila zote, mlango haufunguki. Alikuwa mwangalifu huyu mtu." Alikiweka mezani kwa heshima. "Kile cha saa alikiacha bila kufuli. Nadhani alikiona kidogo mno kuibiwa."

Inspekta alimgeukia mzee. "Rafiki aliwahi kukuuliza kuhusu vitu vya marehemu?"

"Kila mara. Ananiuliza kama nimeanza kuvipanga. Namwambia moyo haujaniruhusu, sijagusa hata droo. Ananiambia, usijilazimishe, Baba. Siku ukiwa tayari, nitakuja tupange wote." Alikitazama kidude. "Nilikuwa naona ni wema."

Kwa hiyo Rafiki alikuwa anangoja msiba uishe. Inspekta alishaona watu wengi wakivizia vingi, lakini hilo lilimpandisha hasira hadi akaisikia kichwani.

Alimweleza mzee anachotaka. Simu ikiita, aipokee kama kawaida. Aseme ameanza kupanga vitu, ataje kidude. Amwache mwenyewe atamani.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Mtamkamata hapa? Nyumbani kwangu?"

"Akija, ndiyo."

"Mimi ndiye nimwite, halafu nyinyi mumshike."

"Ndiyo, Mzee. Bila hivyo, kesho jioni jina la mwanao litasomwa kwenye taarifa ya habari. Watasema ndiye aliyeua."

"Na nikifanya, hakuna tena simu ya Alhamisi."

"Hakuna."

"Kuna Alhamisi moja aliongea na mimi muda mrefu tu, hakuniomba kitu. Tulizungumza juu ya matairi." Aliwatazama, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba. "Labda alipenda kuongea na mimi. Inawezekana, si ndiyo? Mwizi naye ana moyo."

Inspekta alijua jibu la kazi na alijua jibu la huruma, na hakuwa na hakika na lolote kati ya hayo mawili. "Sijui, Mzee," alisema, na hapo alisema kweli.

Simu iliita wakiwa bado wamekaa hivyo.

Mzee aliiacha iite. Kisha akapiga moyo konde, akaichomoa kwenye chaji, na Chapchap akabonyeza kipaza sauti.

"Haloo."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo kabisa. Mbona leo sauti nzito? Umelala kweli?"

Ilikuwa sauti laini, isiyo na haraka. Mtu yeyote mpweke angependa kuisikia nyumbani kwake. Inspekta aliichukia kwa sababu hiyo.

"Nimelala kidogo. Leo nimejikaza kisabuni, nimeanza kupanga vitu vyake."

"Pole, Baba. Si nilikuambia usijilazimishe?"

"Droo nzima ni waya tupu. Nimekuta na kidude kimoja cheusi, kidogo hivi, kina tundu la kutilia kwenye funguo. Nadhani ni uchafu. Kesho wa takataka wanapita, nitawapa vyote."

"Usikitupe!" Sauti ilipanda, halafu ikajirudi haraka. "Namaanisha, Baba, ni kumbukumbu yake. Alikipenda sana. Kiweke."

"Mimi nitakifanyia nini? Nikutumie wewe kwa basi?"

"Hapana, usimpe mtu. Nitakuja mwenyewe. Kesho mchana. Nisubiri."

Inspekta aliinua mkono: imetosha, kata. Mzee alimwona, lakini hakukata.

"Mwanangu, nikuulize kitu kimoja," alisema. "Siku hizi nasahau sahau. Uliwahi kumsikia akicheka?"

"Nani, yeye? Mara ngapi, Baba!"

"Alikuwa na kile kicheko kikubwa."

"Kikubwa!" Rafiki alisema, na yeye mwenyewe akacheka. "Kikubwa kweli. Chumba kizima kilikuwa kinajaa."

Mzee alifumba macho. Akakaa hivyo, simu mkononi, mpaka Chapchap akadhani yote yameharibika.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Vizuri. Basi njoo kesho. Nitakupikia."

Alikata, akaiweka simu juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mwanangu hakuwa na kicheko kikubwa," aliwaambia. "Kifua hakikumruhusu. Akicheka sana alikuwa anakohoa mpaka tunamkimbizia dawa. Alijifunza kucheka kimya. Unaona mabega tu yanatikisika." Machozi yalimtoka bila sauti, na yeye pia mabega tu yakatikisika.

Chapchap, ambaye hakuwahi kuharakisha kitu, aliruka akamshika.

*

Walipanga mambo ya kesho. Askari wangekaa jikoni tangu asubuhi, na Inspekta angevaa kitambaa kichwani ajifanye mpwa aliyekuja kusaidia usafi. Ghala waliombwa wasifunge kitu bado, ila wakae macho. Kidude kiliachwa mezani, wazi, mahali ambapo mtu akiingia angekiona.

Inspekta aliinuka kuaga. Asubuhi yake mwashi angesimama tena mbele ya meza ya kituoni akakuta hakuna mtu, na kwa mara ya kwanza hilo lingekuwa jambo jema.

Mzee hakuinuka. Alikuwa ameirudia simu na kuvaa miwani, akiandika kwa kidole kimoja, akifuta, akiandika tena. Alimwonyesha Chapchap.

"Niangalizie. Nataka iwafikie wote wanaomwandikia, kwa mara moja."

Chapchap alisoma kwa sauti. "*Mwanangu, mliyekuwa mkimwita Fundi Saa, alifariki mwaka jana. Aliyekuwa akiwajibu ni mimi baba yake. Nilikosea kutowaambia. Tafadhali fungeni kazi zake, mtu asiziguse.*"

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Mzee. Haina kosa hata moja."

Kidole kikubwa cha dereva kiliinuka juu ya kioo. Inspekta alimwahi, akakishika.

"Subiri kwanza. Rafiki naye ataiona. Akiiona, hatakuja."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Kesho mchana tu. Tukishamshika, utaituma mwenyewe."

Mzee aliusoma tena ujumbe wake, midomo ikisogea, na alipofika kwenye neno *alifariki* akakaa hapo. Kisha akairudisha simu kwenye chaji, akahakikisha taa yake ndogo imewaka.

"Haya," alisema. "Basi na abaki safarini mpaka kesho."